Je, uyoga unaweza kutibu sonona?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mdogo wangu anaugua sonona na anatumia fluoksetini aliyoandikiwa hospitalini. Amesoma kwamba ng'ambo wagonjwa wa sonona wanatibiwa kwa uyoga, na sasa anataka kuacha vidonge na kuutafuta uyoga huo msituni mvua zitakapoanza. Nimzuie? – Dada mwenye wasiwasi, Mafinga, Iringa

JIBU: Marahaba, dada yangu. Mzuie, lakini usimkejeli, kwa maana alichokisoma si uzushi. Kinachozungumzwa ni silosaibini, kemikali iliyotengwa kutoka kwenye uyoga na Albert Hofmann mwaka 1958, ambayo kwa saa kadhaa hubadilisha jinsi mtu anavyoona, anavyofikiri na anavyojihisi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2022, uliohusisha wagonjwa 233 ambao dawa za kawaida hazikuwa zimewafaa, waliopewa miligramu 25 mara moja tu walipata nafuu kubwa zaidi baada ya wiki tatu kuliko waliopewa miligramu 1. Hata hivyo, katika kundi hilo la miligramu 25, ni takriban mmoja kati ya watano ambaye nafuu yake ilidumu hadi wiki ya 12, na baadhi ya washiriki walipatwa na mawazo ya kujiua. Tangu Julai 2023 Australia inawaruhusu madaktari bingwa wa akili waliopewa kibali maalumu kuitumia.

Mwambie mdogo wako kwamba wagonjwa hao hawakula uyoga wa porini. Walipewa dawa iliyotengenezwa maabara na kupimwa kipimo, baada ya kuchunguzwa kama wao au ndugu zao wa karibu wana skizofrenia (ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie au aone visivyokuwepo), na wataalamu walikaa nao hadi ilipokwisha nguvu. Kina mama wanaouza uyoga barabarani Mufindi wanaujua uyoga wa kula. Huu anaoutafuta hawauzi, na akiokota unaofanana nao anaweza kupata ule unaoharibu ini, ambao hauondolewi sumu kwa kupikwa na ambao dalili zake huchelewa kwa saa nyingi, wakati madhara yameshaanza.

Vidonge asiviache mwenyewe, kwani ugonjwa unaweza kurudi kwa nguvu. Kama havimsaidii, na huenda hilo ndilo linalomsukuma, mrudisheni kwa daktari wake: kipimo kinaweza kubadilishwa, au dawa nyingine kujaribiwa pamoja na ushauri nasaha, na ikibidi aombewe rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Akianza kuzungumzia kufa, msimwache peke yake. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.