Bando limejaa, gemu inaganda

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza kwa nini gemu za mtandaoni zinaganda huku Kusini mwa Tanzania hata mtu akiwa na bando la kutosha. Mara nyingi bando halina hatia. Gemu ya mpira au ya kupigana risasi hutumia data kidogo, kwa kawaida MB 40 hadi 150 kwa saa. Inachodai ni jibu la haraka: ukibonyeza kitufe, taarifa ifike kwenye seva, yaani kompyuta kubwa inayoendesha mechi, na irudi. Muda huo wa kwenda na kurudi ndio pingi, nao hupimwa kwa milisekunde. Inaniuma kuona vijana wa mitaa ya Chuno na Shangani hapa Mtwara wakiongeza bando juu ya bando kwa ugonjwa ambao bando haliutibu.

Sehemu ya pingi ni umbali, na hiyo hainunuliki. Mwanga ndani ya mkongo, yaani waya wa kioo unaobeba intaneti, husafiri takribani km 200 kwa milisekunde moja. Frankfurt, kwenye seva nyingi za Ulaya, iko zaidi ya km 7,000 kutoka Mtwara, kwa hiyo hata mkongo ungenyooka kama rula, pingi isingeshuka chini ya 70. Johannesburg ni kama km 2,200. Microsoft walifungua vituo vya wingu, yaani vya seva za kukodi, huko mwaka 2019, na Amazon wakafungua Cape Town mwaka 2020, hivyo kampuni ya gemu inayokodi seva hizo inaweza kutusogezea mechi karibu. Ingia kwenye mipangilio ya gemu, jaribu Afrika Kusini, Mashariki ya Kati na Ulaya, kisha chagua yenye namba ndogo isiyoyumba. Usiamini ramani peke yake. Kuna mitandao inayopeleka data Ulaya kwanza ndipo irudi Afrika Kusini. Na mikongo ya EASSy na SEACOM, inayopita baharini kutuletea intaneti, ilipokatika pamoja tarehe 12 Mei 2024, hakuna mpangilio wa nyumbani ambao ungesaidia.

Sehemu iliyobaki iko nyumbani, na hapo ndipo pa kuhangaika. Kwenye kompyuta ya Windows fungua dirisha la amri, andika ping -n 50 192.168.1.1 (au anwani iliyobandikwa chini ya ruta yako, kifaa kinachogawa intaneti nyumbani). Majibu yakiwa milisekunde 1 hadi 5, sawa. Yakirukaruka hadi 100, tatizo ni Wi-Fi: hamia mkondo wa 5 GHz, au bora zaidi tumia waya. Anayecheza kwa intaneti ya simu aiunganishe kwa waya wa USB badala ya hotspoti.

Kisha pima kwa amri hiyohiyo anwani 8.8.8.8, ambayo ni ya seva ya Google, nyumba ikiwa kimya, halafu rudia mtu mwingine akipakia video. Pingi ikitoka 60 ikapanda 400, data zinapanga foleni ndani ya ruta, na taarifa ndogo za gemu zinasubiri nyuma ya video. Kifurushi kikubwa zaidi hakiondoi foleni hiyo kwa uhakika. Dawa ni kuweka kikomo kwenye ruta, sehemu ya QoS (inayopanga nani atangulie kwenye mtandao): pima kasi saa mbili usiku, mtandao unapoelemewa, kisha weka asilimia 80 ya ulichopata. Ukipata Mbps (megabiti kwa sekunde) 10 za kupakua na 3 za kupakia, weka 8 na 2.4. Zima pia masasisho ya otomatiki ya simu na kompyuta; haya huanza bila kuuliza mtu.

Wenye antena ya nje, hasa Mikindani na Lindi mjini karibu na maji, wakague viungio vya waya. Hewa ya chumvi huvila taratibu, mawimbi yanadhoofika, data zinatumwa upya, pingi inayumba. Kata sehemu yenye kutu, funga kiungio kipya, zungushia utepe wa mpira usiopitisha maji.

Kuhusu kucheza kupitia wingu, ambapo gemu huendeshwa kwenye seva na wewe unatumiwa picha tu: kwa intaneti ya simu hapa kwetu, sishauri. Picha ya Mbps 10 inakula GB 4.5 kwa saa, na kila mguso wa kitufe unasubiri safari nzima kabla picha haijabadilika. Gemu za karata na za kupanga mikakati kwa zamu zitavumilia. Mpira hautavumilia.

Msomaji, Mtwara