Kadi ya mawasiliano imekufa na haitengenezwi tena: je, boila izimwe?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi umeme katika kiwanda kimoja hapa Moshi. Boila yetu inalindwa na PLC ya usalama (kompyuta ndogo ya kuendesha mitambo) iliyofungwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Tangu radi za masika, kadi inayopeleka taarifa zake kwenye kompyuta za chumba cha udhibiti imenyamaza, na wakala ametujibu kuwa haitengenezwi tena. Muuzaji mmoja wa nje anatangaza kadi kama hiyo kuwa ni mpya na haijafunguliwa, kwa bei iliyomshtua meneja wetu. Je, tuinunue? Na wakati tunasubiri, ni salama kuendelea kuwasha boila?
Msomaji, Moshi

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na swali lako la pili, kwa kuwa ndilo zito. Katika mifumo mingi ya aina hiyo, uamuzi wa kuzima boila hufanywa na prosesa za usalama zenyewe, ambazo husoma sensa za kiwango cha maji, shinikizo na mwali wa moto kwa nyaya za moja kwa moja, kisha hukata umeme wa valvu za mafuta pale mambo yanapoharibika. Kadi ya mawasiliano haimo katika mnyororo huo. Kazi yake ni kupeleka taarifa kwenye skrini, mara nyingi kwa itifaki (lugha ya mashine kuwasiliana) ya Modbus, iliyotolewa mwaka 1979 na ambayo viwanda havijaiacha hadi leo. Kadi ikifa, boila bado inapaswa kutripu, yaani kujizima yenyewe, maji yakipungua.

Usilichukue hilo kwa imani, bali fungua michoro. Ikiwa kuna amri yoyote ya kuzima inayopita kwenye kadi hiyo kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine, basi kadi ni sehemu ya ulinzi na boila isiwashwe. Na ikiwa kengele ya maji kupungua ilikuwa inaonekana kwenye skrini peke yake, mwendeshaji akae kwenye boila yenyewe, aandike vipimo kwenye daftari la zamu, na ruhusa ya kufanya kazi hivyo iwe ya maandishi na yenye tarehe ya kuisha. Mkaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, akija atauliza karatasi hiyo, na ana haki ya kuiuliza.

Ninachokihofia zaidi ni haraka. Kompyuta nyingine za udhibiti zimepangwa zisiruhusu boila kuwashwa mawasiliano yakikatika. Hapo ndipo fundi anayesukumwa na uzalishaji huweka kipande cha waya ili kuidanganya kompyuta, kadi mpya inafungwa, na kile kipande cha waya kinabaki. Kiwango cha kimataifa cha IEC 61511 kinataka kila kubaipasi, yaani kuiruka kinga, kuidhinishwe, kuandikwa na kuondolewa, na sababu ni waya kama huo.

Kabla ya kununua, hakikisheni kwamba kilichokufa ni kadi kweli. Radi ikipita kwenye kebo ndefu ya RS-485 (aina ya njia ya data ya nyaya mbili) huua kwanza chipu ndogo ya kupokea na kutuma mawimbi, ambayo fundi mzuri wa elektroniki huibadilisha kwa gharama ndogo. Pimeni pia kebo: mfumo ukiwa umezimwa, ukinzani kati ya nyaya mbili za data unapaswa kukaribia omu 60, kwa sababu kila ncha ina kizuizi cha omu 120. Mkipata 120, ncha moja imeachia. Tazameni na pini za plagi, kwani kutu ya kijani husumbua kuliko watu wanavyodhani.

Kadi ikithibitika kufa, mwulizeni kwanza mtengenezaji kama anakarabati au anabadilishana kadi za zamani, kisha viwanda vingine vyenye mfumo kama wenu, na muuzaji huyo awe wa mwisho. Mtakeni picha za pande zote mbili za bodi, namba kamili pamoja na herufi za toleo, ripoti ya majaribio ndani ya raki (fremu ambamo kadi huchomekwa), na haki ya kurudisha. Chipu nyingi zina tarakimu 4 za mwaka na wiki. 9834 ni wiki ya 34 ya mwaka 1998. Kadi inayodaiwa kuwa mpya ya mwaka 1998 huku ikiwa na chipu ya 0612 imewahi kufunguliwa na kuchomelewa, hata kama lebo inang'aa. Hilo peke yake si kosa, lakini bei ya “mpya” haistahili tena.

Toleo la programu ya ndani lazima lioane na prosesa zenu. Nakilini swichi ndogo, anwani na kasi ya mawasiliano kutoka kadi ya zamani. Ufunguo wa kuruhusu kupanga programu ugeuzwe tu wakati wa kazi hiyo, kisha urudi na kutolewa: mwaka 2017, katika kiwanda cha kemikali Saudi Arabia, wavamizi wa kompyuta waliingiza programu hasidi kwenye vidhibiti vya usalama ambavyo ufunguo wake ulikuwa umeachwa kwenye nafasi ya kupanga. Mkimaliza, msiridhike na skrini kuwaka. Jaribuni kila sababu ya kutripu hadi valvu ifunge.

SWALI: Tuna kadi mbili za akiba, zimo kabatini tangu zinunuliwe. Je, bado ni nzima?
Msomaji, Arusha

JIBU: Huwezi kujua bila kuziwasha. Kapasita za elektroliti huzeeka hata zikiwa kabatini, na betri ya litiamu ikivuja hula njia za shaba. Zitunzeni kwenye mifuko ya kuzuia umemetuli, pamoja na vipakiti vya kufyonza unyevu, mbali na vumbi, na mara moja kwa mwaka ziwashwe saa kadhaa kwenye raki ya majaribio, kamwe si kwenye raki inayolinda mtambo unaofanya kazi.