Maswali ya Wasomaji: Magugu maji yanarudi, tufanyeje?

Majirani tulichanga fedha, tukaweka vijana wakang'oa magugu maji mbele ya nyumba zetu kando ya Ziwa Victoria na kuyarundika ufukweni yakauke. Miezi miwili tu pamejaa tena. Tumeibiwa, au ndivyo yalivyo? *Msomaji, Luchelele*

Hamkuibiwa, ila kazi iliachwa njiani. Magugu maji yakipata joto na maji yenye uchafu hujiongeza mara mbili ndani ya wiki mbili, wakati mwingine chini ya hapo. Vijana wakisafisha sehemu tisa kati ya kumi, ile moja iliyobaki huwa mbili baada ya wiki mbili, nne wiki ya nne, nane wiki ya sita. Wiki ya saba mko pale pale. Hapo hatujahesabu yanayosukumwa na upepo kutoka katikati ya ghuba, wala lile rundo la ufukweni. Gugu likiwa rundoni hukauka majani ya juu tu. Shina fupi la katikati hubaki bichi siku nyingi, na wimbi moja la usiku linatosha kulirudisha majini.

Safari hii anzeni na kizuizi kabla ya kung'oa. Chukueni kamba ya nailoni ya milimita 12 hadi 16, mfunge madumu ya lita 5 yenye vizibo vilivyokazwa, moja kila mita. Chini ya kamba ning'inizeni wavu wa kuku wenye kimo cha sentimita 50, na vipande vya chuma vya kuuvuta chini, maana mizizi ya gugu hushuka na kamba tupu hupitwa kwa chini. Msitumie timba, yaani wavu wa uzi mmoja wa plastiki: imepigwa marufuku, na hunasa ndege na samaki hata kama hamkukusudia. Kila ncha iwe na nanga ya gunia la mawe. Kamba iachwe ilegee kidogo, kwa sababu iliyokazwa hukatika siku ya mawimbi. Tena isikingame upepo moja kwa moja. Ikae mshazari, ili magugu yateleze hadi kwenye kona moja mtakayokuwa mkiyatolea.

Kung'oa kufanyike asubuhi, kabla upepo wa ziwani haujaamka. Anzieni ukingo wa nje kwa mtumbwi, mkiyasogeza kuelekea nchi kavu, na mmoja abaki nyuma na reki akikusanya vipande. Jipangeni kwa uzito: mita moja ya mraba iliyosongamana hutoa kilo 20 hadi 30, kwa hiyo eneo la mita 10 kwa 20 ni tani 4 hadi 6, na karibu yote ni maji. Yaacheni yachuruzike siku moja juu ya mteremko, yakatwekatwe kwa panga, ndipo guta liyapeleke mbali na mahali maji hufika ziwa likijaa.

Baada ya hapo piteni kila wiki, mtu mmoja na ndoo. Mbegu huzama kwenye tope na zinaweza kuishi miaka 15 na zaidi, zikingoja maji yapungue zipate mwanga. Miche yake huota kwenye tope la ukingoni ikiwa na vijani vyembamba, haina bado ule uvimbe wa shina unaoelea. Ing'oeni hapo, kabla haijatoa maua ya zambarau.

Matete na mafunjo msiguse. Ni mimea ya ziwa lenyewe, hushika udongo na kuchuja maji, na sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingoni. Kagueni pia makaro yenu. Karo linalovuja kuelekea ziwani linayalisha magugu mnayolipia kung'olewa.

Kichocho nacho kipo, na konokono wake hupenda mizizi hiyo. Vaeni mabuti marefu na glavu, mtoke majini kabla ya saa nne. Aliyelowa akapime baada ya wiki sita hadi nane, kwa sababu dawa haiui minyoo ikiwa bado michanga.

Kuna gugu jingine, dogo, lina majani kama masikio na manyoya juu. Hilo nalo ni gugu maji? *Msomaji, Kigongo*

Hilo ni salvinia, jamaa ya kangaga, lisilo na ua wala mbegu. Dondosha tone la maji juu ya jani: litasimama kama shanga, halilowi. Mapema mwaka 2025 vivuko vya Kigongo–Busisi vilipata taabu kupita kwa sababu ya magugu ya aina hii.

Uma na reki havilifai, hupenya katikati ya meno. Tumieni neti ya matundu madogo, mkilizungushia kama mnavyokusanya dagaa. Halina mbegu za kungojea topeni, hivyo likiisha limeisha. Lakini kipande chenye kifundo kimoja huanza upya. Kagueni pangaboi, nyavu na chini ya mtumbwi kabla ya kuhamia mwalo mwingine.

Je, kuna dawa ya kupulizia? *Msomaji, Igombe*

Ipo, na tunakushauri usiiguse. Maji hayo watu wanakunywa. Zaidi ya hapo, magugu yakifa kwa mkupuo huzama, yakaoza, yakamaliza hewa ya majini, na samaki wakaelea. Kupulizia ziwani si uamuzi wa mtu binafsi; Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria ndiyo mlango wa kuanzia.

Wale wadudu walioletwa zamani wameishia wapi? *Msomaji, Kayenze*

Wapo. Fukusi hao, wanaokula magugu maji, waliachiliwa Uganda mwaka 1995, kisha Kenya na Tanzania mwaka 1997, na pamoja na mawimbi ya El Niño walipunguza magugu sana kufikia mwisho wa muongo ule. Ukiona jani lina makovu madogo ya milimita 2 hadi 4, kana kwamba limekwanguliwa kwa kucha, ni wao. Lakini wanahitaji magugu yatulie, kwani hulelewa kwenye mashina na mizizi. Ufukwe unaosafishwa kila wiki hauwafai. Kona mnayoshindwa kuifikia ndiyo yao, muwaachie.

Naweza kuyatumia kama mbolea ya mchicha? *Msomaji, Nyegezi*

Yakitoka maji safi, ndiyo. Yanyaushe siku tano hadi saba, uyakate, upange tabaka la magugu la sentimita 20, samadi sentimita 5, nyasi kavu kidogo, hadi rundo lifike mita 1.2. Geuza kila baada ya wiki mbili. Baada ya miezi miwili hadi mitatu huwa tayari. Rundo likinuka, limelowa mno: ongeza nyasi kavu. Yenye maua yaweke katikati kwenye joto. Yale ya mdomo wa Mto Mirongo au karibu na mifereji ya viwanda usiyapeleke kwenye mboga hata kidogo, kwa sababu gugu hili hufyonza metali zenye sumu kama risasi na kadimiamu.