Kura za wastaafu: kabla ya asilimia, angalia umegawa kwa nini

Ukitaka kujua wazee wa makazi ya wastaafu wanapigaje kura, usianze na aliyeshinda. Anza na idadi unayogawia, maana hapo ndipo hesabu nyingi huharibika.

Chukua The Villages, makazi ya wastaafu huko Florida, Marekani. Sehemu yake kubwa iko kaunti ya Sumter, ambako Trump alipata takriban 68% mwaka 2020. Lakini makazi hayo yanaingia pia kaunti za Lake na Marion, na Sumter nayo ina wakulima na miji midogo isiyohusika. Kwa hiyo achana na jumla ya kaunti. Chukua matokeo ya kila kituo kutoka ofisi ya uchaguzi ya kaunti, yalinganishe na ramani, kisha ondoa vituo vilivyo nje ya makazi.

Kwa kiwango cha kujitokeza, gawa kwa walioandikishwa kwenye daftari. Ukigawa kwa watu wazima wa sensa utapotea, kwa sababu Sumter kuna gereza la shirikisho la Coleman, na sensa huwahesabu wafungwa pale walipofungiwa. Hao ni maelfu ya watu wazima wasiopiga kura kaunti hiyo, na wazee wataonekana wavivu bure. Wavivu si wao: kitaifa mwaka 2020, takriban 76% ya raia wa miaka 65 hadi 74 walisema wamepiga kura, dhidi ya 51% ya wale wa 18 hadi 24.

Usichanganye mchujo wa Agosti, yaani kura ya kuteua mgombea wa chama, na uchaguzi wenyewe wa Novemba. Mchujo wa Florida kwa kawaida ni wa wanachama wa chama husika tu, na mwezi huo wakazi wengi wamekimbilia kaskazini kukwepa joto, hivyo kura ya posta ina uzito wake. Ukihesabu waliofika kituoni peke yao, utadhani hamasa imekufa.

Halafu kuna kodi, na hapa ndipo mambo yanapokuwa matamu. Mwaka 2019 makamishna wanaoongoza kaunti ya Sumter walipandisha kiwango cha kodi ya majengo kwa 25%. Mchujo wa Republican wa Agosti 2020 ukawang'oa watatu, wote wa chama kile kile ambacho wapiga kura hao wanakipenda. Huko Sun City, Arizona, makazi ya wastaafu yaliyofunguliwa 1960, wakazi walikataa mara kwa mara mikopo ya kujenga shule, hadi eneo lao likatolewa kwenye wilaya ya shule iliyokuwa ikiomba mikopo hiyo. Ukitazama kura ya urais peke yake, huyaoni haya.

Wala usiihamishe Florida kwenda kwingine. Leisure World ya Silver Spring, Maryland, nayo ni makazi ya wazee, ila huegemea Democratic, kama kaunti yake ya Montgomery. Kabla ya kuandika "wazee wanapenda chama fulani", uliza waliishi wapi kabla ya kustaafu, kisha weka kwenye jedwali moja kura ya urais, ya kamishna na ya kodi kwa kituo kile kile.