Maneno ya Kiingereza Yanayotuchanganya: Majibu kwa Wasomaji wa Arusha na Moshi

Barua tulizopokea safari hii zimetoka kwa watu ambao Kiingereza ni kitendea kazi chao cha kila siku. Tumezifupisha, na tumejibu kwa urefu zaidi pale ambapo kosa limeenea.

SWALI: Mimi ni mwongoza watalii, naishi Njiro, Arusha. Tukiwa Tarangire niliwaonyesha wageni kundi la swala pala nikawaambia ni "deer", kama nilivyofundishwa shuleni. Mgeni mmoja alicheka akasema huku kwetu hakuna "deer". Je, "deer" na "antelope" si kitu kimoja?

JIBU: Mgeni wako alikuwa sahihi, ingawa angeweza kusema hivyo bila kukucheka. "Deer" ni familia nyingine kabisa ya wanyama, ambao makao yao ya asili ni Ulaya, Asia na Amerika. Katika Afrika wanapatikana kaskazini tu, kwenye misitu ya Algeria na Tunisia, na kusini mwa Sahara hawapo kwa asili. "Antelope" ni jina la jumla linalowakusanya swala pala, pofu, kuro, tandala, kongoni na hata nyumbu, ambao wote wamo katika familia moja na ng'ombe na mbuzi. Walimu wetu wengi walifundisha kwa vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya watoto wa Uingereza, ambako mnyama wa msituni mwenye miguu myembamba huwa ni "deer", na tafsiri hiyo ikazoeleka.

Ukitaka kuwaonyesha wageni tofauti yenyewe, waelekeze kwenye kichwa cha mnyama. Swala ana "horn", yaani kiini cha mfupa kilichofunikwa kwa gamba gumu la asili moja na kucha zetu, ambacho hakina matawi na hakidondoki maisha yake yote. "Deer" ana "antler", yaani mfupa mtupu wenye matawi, ambao hudondoka kila mwaka na kuota upya. Kiswahili huziita zote pembe, na hapo ndipo mtego ulipo. Wageni nao wana mtego wao: wakimwona swala pala asiye na pembe, huuliza amezidondosha lini, kwa sababu ndivyo walivyozoea kwao. Waambie kwamba huyo ni jike, na kwamba kwa swala pala ni dume tu mwenye pembe, ilhali kwa pofu wote wawili wanazo.

Jina "gazelle" ni finyu zaidi. Swala tomi na swala granti huitwa hivyo, lakini swala pala haitwi hivyo. Kwa hiyo kila "gazelle" ni "antelope", wala kinyume chake si kweli.

SWALI: Nasomea utalii hapa Arusha, naishi Sakina. Vitabu vingine vinaiita Ngorongoro "crater" na vingine "caldera". Lipi ni sahihi? Na je, Kilimanjaro ni "extinct" au "dormant"?

JIBU: "Crater" ni shimo lolote lenye umbo la bakuli, liwe limechimbwa na volkano, na kimondo au hata na bomu. "Caldera", neno ambalo Waingereza walilichukua kwa Wahispania, ni shimo la aina yake: volkano hutapika uji wake wa moto kwa wingi hadi chumba kilichoko chini kinabaki kitupu, kilele kinakosa cha kukibeba, na mlima unaporomoka ndani yake wenyewe. Ngorongoro ilitokea hivyo zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita, ikaacha sakafu ya takriban kilomita za mraba 260 iliyozungukwa na kuta zenye kimo cha mita 600 hivi. Kijiolojia, basi, ni "caldera". Hata hivyo, jina lililozoeleka ni "Ngorongoro Crater", na kumsahihisha mgeni anayelitumia ni ukorofi usio na faida. Litaje jina hilo kwanza, kisha eleza shimo lilivyotokea.

Kuhusu Kilimanjaro, jibu hutegemea unazungumzia kilele gani. Shira na Mawenzi ni "extinct", yaani zimekufa na hazitegemewi kulipuka tena. Kibo ni "dormant", yaani imelala, na gesi bado hutoka katika shimo la Reusch lililoko juu kabisa. Mlima mwingine, Ol Doinyo Lengai, uliolipuka kwa nguvu mwaka 2007 na 2008, ni "active", yaani ungali hai. Usije ukauita "extinct" mlima uliolala, kwa maana neno hilo ndilo litumikalo pia kwa wanyama waliotoweka duniani.

SWALI: Nina duka dogo la vifaa vya mlimani, Moshi mjini. Kibao changu kinasema mahema ni "for hire". Mteja kutoka Marekani anataka niandike "for rent", na jirani yangu mwalimu anasema "rent" ni ya nyumba tu. Nimfuate nani?

JIBU: Kila mmoja anasema Kiingereza cha upande wake. Waingereza hutumia "hire" kwa kitu kinachokodiwa kwa muda mfupi na "rent" kwa nyumba, karibu sawa na sisi tunavyotenga kukodi na kupanga. Wamarekani hutumia "rent" kwa vyote viwili, na "hire" wakaiacha kwa watu, kwa maana ya kuajiri. Acha kibao kilivyo. Rangi ni ghali, na Mmarekani anayetafuta hema hatashindwa kukielewa.

Kinachostahili kukuhangaisha zaidi ni "borrow". Mgeni akisema anataka "to borrow" hema, kwa kawaida anatarajia kupewa bure na kurudisha, kwa hiyo mtajie bei mapema. Isitoshe, wengi wetu husema "borrow me your pen", kwa sababu kitenzi kuazima hutufaa pande zote mbili: nimeazima kalamu kwake, naye ameniazima kalamu. Kiingereza hakikubali hivyo. Anayepokea hu-"borrow" na anayetoa hu-"lend". Ukisita, jaribu kwa kukopa na kukopesha: penye kukopa weka la kwanza, penye kukopesha weka la pili.

SWALI: Mimi ni mgumu, nabeba mizigo ya wageni Kilimanjaro, na nyumbani ni Pasua, Moshi. Kuna tofauti gani kati ya "wage", "salary", "fee" na "tip"?

JIBU: "Wage" ni ujira unaohesabiwa kwa siku au saa, na ndio unaokuhusu. "Salary" ni mshahara wa mwezi wa mtu aliyeajiriwa. "Fee" ni ada, kama ile ya kuingia hifadhini, au malipo ya wakili na daktari. "Tip" ni bakhshishi, ambayo mgeni hutoa kwa hiari yake. Ukimwambia mgeni akupe "my fee" huku unakusudia bakhshishi, atadhani kampuni imekudhulumu, na pengine akishuka ataanzia ofisini kugombana nao kabla hajakupa chochote.