Nyumba ya urithi Mji Mkongwe: uanze na picha ya ufa

Nyumba aliyotuachia bibi iko Mji Mkongwe wa Zanzibar, na warithi tuko kumi na saba. Watatu tunaishi Unguja. Wengine wako Dar es Salaam, Maskati, Dubai na London. Kila nilipoomba mchango wa matengenezo nilijibiwa lilelile: "Mbona imesimama tangu enzi za babu?" Sikuwalaumu. Hawalali chini ya dari inayodondosha udongo usiku wa masika.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, iliporomoka na kuua watu wawili. Jioni ile nilizunguka nyumba yetu na simu, nikapiga picha kila ufa. Zilipita mia mbili, na hazikunifaa kitu. Baada ya miezi sita sikujua ipi ni ya chumba gani, wala ufa upi umepanuka, maana kila moja niliipiga kwa upande wake, tena bila kipimo.

Kwa hiyo, ukitaka kuanza, kwanza vipe vyumba namba. Chora alama sakafuni pa kusimama, shikiza rula kando ya ufa, na ncha ya ufa iweke mstari wa penseli wenye tarehe. Picha iite kwa chumba, ukuta na tarehe: C3-kaskazini-2021-06-20. Rudia palepale kabla ya masika na baada yake. Upana wa ufa kwa milimita uandike kwenye jedwali, pamoja na kazi yoyote aliyofanya fundi. Jedwali la kawaida la kompyuta linatosha.

Ukishazoea, jaribu modeli ya pande tatu. Unauzunguka ukuta ukipiga picha nyingi, kila moja ikilalia sehemu kubwa ya iliyotangulia, kisha programu inaziunganisha. Meshroom ni ya bure, ila inataka kompyuta yenye kadi ya picha yenye nguvu. Watu wa Zamani Project, wa Chuo Kikuu cha Cape Town, walipima magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwa skana za leza. Nyumba ya familia haihitaji vifaa vya gharama hiyo.

Mwaka wa pili picha zilianza kusema. Ufa wa C3 ulipanuka kila baada ya masika, na doa la maji juu yake lilishuka kutoka kwenye mlizamu wa paa. Kumbe msingi ulikuwa mzima! Pale chini palikuwa na kosa jingine: miaka ya nyuma tulipiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta wa namna hiyo hupumua. Saruji ilifungia unyevu ndani, na chumvi ikawa inaubanjua ukuta.

Lakini simu haioni kichwa cha boriti kilichozama ukutani, na huko ndiko boriti huanza kuoza. Hapo mwite fundi wa chokaa, aigonge na kuichokoa kwa bisibisi. Mrekodi sauti anapoeleza, kwa ruhusa yake. Mzee wetu alieleza kwa dakika arobaini namna ya kulowesha chokaa na kuiacha ikomae. Kwangu rekodi ile ina thamani kuliko modeli zote.

Nakala weka mahali pasipopungua pawili. Mimi simu ilinipotea, dada wa Maskati ndiye aliyekuwa na kila kitu. Na picha za milango ya nakshi usizitawanye mitandaoni, wezi wanaitafuta.

Nilipotuma picha nne za ufa ule zimepangwa kwa tarehe, mchango ulitimia ndani ya wiki mbili. Picha hizohizo nilizipeleka pamoja na maombi ya kibali kwa Mamlaka ya Mji Mkongwe. Usiguse ukuta kabla ya kukipata. Tulibadili mlizamu, tukabandua saruji, tukarudishia chokaa.

Baada ya masika yaliyopita ufa wa C3 ulikuwa milimita 4, kama ulivyokuwa Februari. Dada ndiye aliyeiona namba ile kwanza kwenye jedwali, akanipigia alfajiri.