"Haiwaki" au "haizunguki"?

SWALI: Najifunza ufundi wa ndege ndogo hapa Dodoma. Nimeandika kwenye daftari la kazi "ndege imekataa kuwaka", fundi wangu akalikata, eti sentensi haimwambii kitu. Mwenzangu naye huandika "ndege imeongezwa nguvu" injini kubwa inapofungwa. Tuandikeje?

JIBU: Fundi wako yuko sahihi. Kwenye mazungumzo "imekataa kuwaka" haina kasoro, ila daftarini inaficha jambo ambalo anayepokea kazi atalitafuta kwanza: pangaboi la ndege lilizunguka au halikuzunguka? Ukipiga stata pangaboi likatulia tuli, au likajivuta nusu mzunguko na kusimama, andika "injini haizunguki". Ataanzia kwenye betri, nyaya na stata yenyewe. Likizunguka vizuri lakini moto haushiki, andika "injini inazunguka, haiwaki", naye ataenda kwenye mafuta, plagi na magneto (kifaa kinachozipa plagi umeme). Vitenzi hivyo viwili vinampeleka pande mbili tofauti za injini, kwa hiyo usivichanganye.

Taja na hali yake: "haiwaki ikiwa ya moto". Mchana wa Oktoba, ndege ikitua na kuzimwa kwa muda mfupi, joto la injini hupanda kwenye mabomba ya mafuta na petroli hugeuka mvuke kabla ya kufika kwenye silinda, hasa kwa injini zisizo na kabureta (kifaa cha kuchanganya mafuta na hewa). Kesho yake asubuhi injini ileile inawaka vizuri tu. Usipotaja hali hiyo, mtu atafungua plagi zote bure.

Usiandike "injini haiwashi". Waka imezaa washa kama chemka ilivyozaa chemsha: anayewasha ni rubani, injini inawaka. Ukisema haiwashi, msomaji atauliza haiwashi nini.

Kuhusu nguvu, mimi nashikilia "imeongezewa". Najua "ameongezwa mshahara" imezoeleka na haitaondoka midomoni mwa watu, lakini "ndege imeongezwa" mtu akiishia hapo ataelewa kwamba kuna ndege nyingine imekuja kiwanjani. Hata hivyo, bora zaidi utaje kilichofanyika: "Cessna 172 imebadilishiwa injini, kutoka nguvu za farasi 160 hadi 180."

Na tabo, yaani kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi, je? Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, kwa hiyo injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu iliyo nayo pwani, na jua likiwa kali hupoteza zaidi. Kuna tabo zinazofungwa kufidia upungufu huo tu. Tabo ya namna hiyo haiiongezei injini nguvu, inairudishia. Andika "imefungwa tabo ya kurudishia nguvu", maana rubani akisoma "imeongezewa" anaweza kudhani injini sasa inaruhusiwa kusukumwa kupita kiwango chake cha awali.